Bright Eyes: kutoka kilio cha emo hadi gitaa la country

Tarehe 25 mwezi wa kwanza mwaka 2005, kundi la muziki Bright Eyes la mji wa Omaha, nchini Marekani, lilitoa albamu mbili kwa siku moja. Ya kwanza, Digital Ash in a Digital Urn, ilijaa milio ya mashine. Ya pili, I'm Wide Awake, It's Morning, ilibebwa na gitaa la mbao na sauti ya mwimbaji mmoja mkubwa wa country. Ni hiyo ya pili iliyopendwa zaidi: ilifika nafasi ya 10 kwenye orodha ya Billboard, mwenzake ikaishia nafasi ya 15. Wapenzi wa zamani walibaki wakijiuliza: kijana aliyekuwa akilia kwenye kipaza sauti ameingiaje katika muziki wa wazee wa mashamba?

Ili kuelewa swali hilo, lazima kujua emo ni nini. Muziki huo ulianza katikati ya miaka ya 1980 mjini Washington, ndani ya punk, muziki wa kasi na kelele. Makundi kama Rites of Spring yalichoka kuimba hasira tu, yakaanza kuimba uchungu wa moyo: mapenzi yaliyovunjika, upweke, hofu ya kijana anayekua. Miaka ya 1990 emo ikaenea katika majimbo ya katikati ya Marekani, mbali na miji mikubwa ya pwani. Nebraska, jimbo la Omaha, ni nchi ya mahindi na ng'ombe.

Hapo ndipo alipozaliwa Conor Oberst mwaka 1980. Alianza kurekodi nyimbo kwenye kaseti akiwa na miaka 13. Pamoja na kaka yake na marafiki, walijenga kampuni ndogo ya kutoa muziki, ambayo baadaye iliitwa Saddle Creek, jina la barabara moja ya Omaha. Hawakungoja tajiri wa New York au Los Angeles aje kuwachukua.

Albamu ya Bright Eyes ya mwaka 2000, Fevers and Mirrors, ndiyo iliyompa Oberst jina la mtoto wa emo. Sauti yake inatetemeka, mara nyingine anapiga kelele hadi inakatika. Lakini tayari alikuwa anajicheka: ndani ya albamu hiyo kuna mahojiano ya redio ya kutunga, ambamo mtu mwingine anajifanya Oberst na kudhihaki huzuni yake. Alijua kwamba kilio kinaweza kugeuka kuwa vazi la kazi.

Mabadiliko hayakuja kwa usiku mmoja. Mike Mogis, mtengenezaji wa albamu za kundi hilo, anapiga pia banjo, mandolini na pedal steel, lile gitaa linalolazwa juu ya miguu ya chuma, ambalo sauti yake inateleza kama mtu anayelia polepole. Ni chombo kikuu cha country, ingawa Afrika pia inakijua: King Sunny Adé wa Nigeria alikiingiza katika muziki wake wa juju. Kwa hiyo, Oberst alipotaka sauti nyingine, fundi alikuwa tayari nyumbani.

Njia pia ilikuwa imefunguliwa. Mwaka 1990, kundi Uncle Tupelo la jimbo la Illinois lilitoa albamu No Depression, iliyochanganya punk na country ya zamani. Wengi wanaihesabu kama mwanzo wa ule muziki unaoitwa country mbadala: nyimbo za vijijini bila mapambo ya kibiashara ya Nashville.

Katika I'm Wide Awake, It's Morning, Oberst alimwalika Emmylou Harris aimbe naye nyimbo tatu. Mama huyo, aliyezaliwa mwaka 1947, ndiye aliyeimba miaka ya 1970 pamoja na Gram Parsons, mmoja wa waliounganisha rock na country, aliyefariki akiwa na miaka 26. Kumsikia akiimba na kijana wa Omaha ilikuwa kama mkubwa wa ukoo kumshika mkono mjukuu mbele ya watu.

Lakini wakati ule, country haikuwa muziki tu. Marekani ilikuwa imeingia vitani Irak mwezi wa tatu mwaka 2003. Waimbaji wengi wa country waliunga mkono vita. Kundi la Dixie Chicks, la akina mama wa Texas, lilipomkosoa Rais George W. Bush jukwaani London, redio nyingi za country ziliacha kupiga nyimbo zao. Oberst aliingia uwanja huohuo kwa mlango mwingine. Albamu yake inaimba juu ya maandamano na vita, na mwezi wa tano mwaka 2005 alivaa kofia ya wachunga ng'ombe, akasimama kwenye televisheni ya taifa zima na kuimba wimbo wa kumhoji Bush.

Hapo ndipo mabadiliko hayo yanaeleweka. Emo ilimpa lugha ya kusema «mimi nina uchungu». Haikumpa nafasi kubwa ya kusema juu ya jirani, askari au mtu aliye njiani. Country, kama muziki wa kale wa watu wengi, inasimulia maisha ya wengine kwa maneno mepesi.

Sisi tunaijua njia hiyo. Mwaka 1952, mjini Jadotville, leo Likasi, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco akiwa na gitaa moja na sauti yake. Bila mashine wala kelele, nyimbo zake zilivuka mipaka ya Katanga hadi Nairobi, kwa sababu msikilizaji alisikia maisha ya kila siku ndani yake.

Wapo waliosema Bright Eyes imewaacha. Hata hivyo, albamu iliyofuata, Cassadaga ya mwaka 2007, iliyoendelea na njia ya country, ilipanda hadi nafasi ya 4 kwenye Billboard. Baada ya kimya kilichofuata albamu ya 2011, kundi lilirudi mwaka 2020, kisha likatoa albamu nyingine mwaka 2024. Sauti ya Oberst bado inatetemeka. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna watu wengine ndani ya nyimbo zake.