Lori Likizimika Usiku, Nani Ataliona?

Ikiwa umepata kusafiri usiku kutoka Mpanda kwenda Tabora, au kushuka kuelekea Sumbawanga kwa njia ya Sitalike, bila shaka unazifahamu dalili za lori lililoharibika mbele yako. Huonekana kwanza tawi la mti limelazwa njiani. Hatua chache baadaye huonekana tawi la pili. Kisha, pasipo taarifa nyingine, huzuka ukuta wa mbao na turubai uliojaa upande wako wote wa barabara, hauna taa, hauna alama, na dereva wake yuko uvunguni akihangaika na spana.

Tawi ni desturi ya miaka mingi ya madereva wetu, nayo mchana hufaa. Usiku hali ni nyingine. Majani mabichi juu ya lami nyeusi hayarudishi mwanga wa kutosha kumzindua mtu aliyekaa kwenye usukani tangu adhuhuri. Tena lori likishatengenezwa na kuondoka, mara nyingi tawi huachwa pale pale, na jiwe lililozuia gurudumu huachwa pia, likawa hatari ya pili kwa wapitao nyuma.

Jambo hili lina uzito zaidi leo kuliko zamani. Kwa miaka mingi tegemeo kubwa la Mpanda lilikuwa reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mgodi wa risasi. Barabara ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na mashimo yake yenyewe yalikuwa breki: mwenye haraka na asiye na haraka walikwenda mwendo mmoja. Mkoa wa Katavi ukazaliwa mwaka 2012, ukimegwa kutoka Rukwa. Barabara ya lami ya Tabora, Koga hadi Mpanda, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 340, ikazinduliwa rasmi mwaka 2022. Mwaka uliofuata mabasi nchini yakaruhusiwa tena kusafiri usiku na mchana. Hivyo familia inayotoka Mpanda kwenda kuwaona ndugu Dar es Salaam inaweza kujikuta saa nane za usiku katikati ya miombo, katika mwendo ambao njia ile haikuwahi kuujua.

Na tupige hesabu kidogo. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Taa zikiwa dimu, bodi kuukuu la lori, lenye vumbi na lisilo na alama, huonekana likiwa umbali wa mita 50 hivi. Tangu jicho lione mpaka mguu ukanyage breki hupita yapata sekunde moja na nusu, yaani mita 33 zimekwisha kuliwa. Zimebaki 17. Lakini gari dogo lenye breki nzima, juu ya lami kavu, huhitaji mita nyingine 35 hadi 40 ili lisimame, na basi au lori lililopakia huhitaji zaidi ya hapo. Dereva wa namna hiyo aweza kuwa mwangalifu, mwenye leseni halali na asiyeonja pombe, na bado akagonga.

Utepe mzuri wa kuakisi mwanga, kwa taa zile zile za dimu, huonekana mita 150 na zaidi.

Sasa, mbona malori mengi hayana? Kiwandani lori hutoka likiwa na taa zake za nyuma na viakisi vyake. Lakini lori la kwetu halibaki kama lilivyozaliwa. Hununuliwa likiwa limekwisha kutumika nchi nyingine, likakatwa, chesisi ikarefushwa, bodi la chuma likang'olewa na kujengwa la mbao lenye kimo cha kubeba mpunga wa Mpimbwe, mahindi, tumbaku au mbao. Kichwa cha lori la jeshi au la ujenzi hufungwa ndoano, kikavuta tela ambalo nalo limeungwa kwa vyuma vya matela mawili yaliyokufa. Fundi wetu ni hodari kwa kuunga. Atakuhakikishia springi na ekseli. Viakisi hubaki karakanani ndani ya pipa la vyuma chakavu, na taa za nyuma husogezwa chini ya bodi, mahali ambapo tope huzifunika siku ya kwanza ya safari. Mwenye lori atakumbuka kuandika nyuma jina la mwanawe au methali kwa rangi za kupendeza. Rangi hizo, ziwe nyekundu kiasi gani, usiku ni giza tu.

Kuna na turubai. Lori likiwa limevaa viakisi vyote, taniboi akilegeza kamba, turubai huteremka nyuma na kuvifunika kama shuka. Kosa hili halimgharimu mtu hata senti moja kulirekebisha, nalo huonekana kila siku.

Kiakisi hufanyaje kazi? Tazama mnyama. Ukipita kando ya Hifadhi ya Katavi usiku na taa zikamwangukia fisi, huoni fisi, waona macho mawili yanayowaka. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaourudisha mwanga ulikotoka. Mwingereza Percy Shaw alitumia wazo kama hilo alipopata hataza mwaka 1934 kwa vile vioo vidogo vya barabarani ambavyo Waingereza huviita macho ya paka. Ndani ya utepe wa leo mna punje ndogo sana za kioo, au vijipembe vilivyopangwa kama kona ya chumba ambamo kuta mbili hukutana na sakafu. Mwanga ukiingia konani hugonga huku na huku na kurudi kule kule ulikotoka. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha mwezini sahani ya kona za namna hiyo, na miali inayotumwa kutoka duniani bado hurudishwa nayo. Kioo cha kawaida, au kile kipande cha sidii ambacho waendesha baiskeli hupenda kukining'iniza, hurusha mwanga upande mwingine. Mwenye taa asiuone.

Faida kubwa ya kifaa hiki ni kwamba hakihitaji betri. Lori likifa umeme, injini ikizimika, dereva akiwa amekwenda kijijini kutafuta fundi, utepe huendelea kufanya kazi kila apitapo mwenye taa. Ni tajiri gani mwingine apataye mlinzi wa namna hiyo bila mshahara?

Marekani waliliwekea jambo hili sheria: matela mazito yaliyoundwa kuanzia Desemba 1993 yalitakiwa kuwa na tepe nyekundu na nyeupe ubavuni na nyuma. Uchunguzi wa serikali yao uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kwamba tepe hizo zilipunguza kwa asilimia 29 ajali za gizani ambamo magari hugonga matela ubavuni au nyuma. Cha ajabu, sheria hiyo iliyaacha nje matela yaliyotengenezwa kwa ajili ya kukaa watu tu. Nao wako Wamarekani wanaonunua vichwa vya malori makuukuu, wakavigeuza na kuvivutisha nyumba za magurudumu kwa ajili ya mapumziko. Mwenye nyumba kama hiyo hana budi ajibandikie mwenyewe. Tofauti yake na mwenye Fuso wa Mpanda si kubwa kama unavyodhani: wote wawili wamegeuza gari, na kazi ya kulifanya lionekane imebaki mikononi mwao.

Kwa mwenye lori, basi, mpangilio ni huu. Nyekundu huwa nyuma, nyeupe mbele, njano ubavuni. Nyuma, utepe ufuate kingo za bodi, juu na chini, kushoto na kulia, ili ajaye ajue upana wa kitu kilicho mbele yake. Alama moja katikati hufanana na pikipiki, na wapo waliojaribu kupita pembeni mwa "pikipiki" hiyo. Malori yaendayo nchi za kusini kupitia Tunduma huvaa pia bamba la mistari mishazari ya nyekundu na njano, nalo lafaa kuigwa. Ubavu usisahauliwe, hasa wa tela, maana lori likigeuza njiani usiku hulala barabara nzima na taa zake za mbele hutazama kichakani. Gharama ya mita chache za utepe haifikii bei ya tairi moja.

Kabla ya kununua, jaribu. Kuna plastiki zing'aazo dukani ambazo gizani hazina kitu. Ubandike kipande ukutani usiku, rudi nyuma hatua hamsini, shika tochi kando ya shavu karibu na jicho, umulike. Ukiwaka kama jicho la fisi, nunua. Tochi ukiishika kiunoni utaudhulumu, kwani mwanga utarudi kiunoni.

Utepe haushiki juu ya vumbi wala juu ya mbao ghafi. Afadhali uufunge kwenye bamba la bati lililosafishwa, kisha bati lipigiliwe bodini. Na kila asubuhi, taniboi anapopima maji na tairi, apitishe na kitambaa. Vumbi jekundu la Katavi hufunika utepe kwa safari moja tu.

Wanaosahaulika kabisa ni wale wadogo: tela la trekta, pawatila, na mkokoteni wa ng'ombe urudio shambani jioni wakati wa mavuno, Mei hadi Julai, ukiwa na magunia ya mpunga na watoto juu yake. Hawa hawana taa hata ya kuharibika. Vipande viwili vya utepe mwekundu, kila kimoja kirefu kama kiganja, kimoja kila pembe ya nyuma, vyatosha kuanzia.