Lisemwalo Soni, Lipo Kweli?

"Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Ndivyo walivyotufundisha wazee, nasi hatuwapingi. Lakini siku hizi methali hiyo imekuwa mtaji wa madalali. Panda basi dogo pale Mombo, na kabla hujayafikia maporomoko ya Soni huenda ukasikia kwamba hoteli kubwa inakuja, kwamba kutajengwa bustani ya michezo ya watoto, au kwamba watalii watapandishwa mlimani kwa magari yanayoning'inia kwenye waya.

Mpenzi msomaji, maneno haya si ya kucheka tu. Mama mwenye kitaru chake cha kabichi huanza kujiuliza: niuze sasa, au ningoje bei ipande? Nikope kwenye kikundi nijenge vyumba vya wageni? Kosa moja hapo hulipiwa na watoto.

Tutazame jambo lililotokea mkoa jirani wa Kilimanjaro. Mwezi wa Mei 2019, aliyekuwa Naibu Waziri wa Maliasili na Utalii, Constantine Kanyasu, alisema serikali inafikiria kuweka magari ya waya katika Mlima Kilimanjaro, na kwamba upembuzi yakinifu unafanywa. Haukuwa umbeya, alisema kiongozi mwenye dhamana, na magazeti ya dunia yakaandika. Wapagazi walishtuka, maana mkate wao uko mabegani. Miaka imepita, na mtalii anayetaka kufika kileleni, mita 5,895, bado hutumia miguu yake.

Je, naibu waziri alidanganya? Hapana. Alisema "tunafikiria". Kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, "tunafikiria" huwa "wamekubali", kisha "wameshaanza kupima". Kwa hiyo, ukiletewa habari, litafute kwanza tendo lenyewe. Kupembua si kusaini, na kusaini si kuchimba msingi.

Wala tusiwacheke wanaoamini. Usambara yetu imewahi kuwa na njia ya waya! Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, waliteremsha magogo ya mierezi kutoka misitu ya Shume hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Lakini angalia sababu: mbao zilikuwapo, mnunuzi alikuwapo, na reli ilikuwa imeshafika. Mwenye kuleta habari ya hoteli na aulizwe vivyo hivyo. Maji yatatoka wapi wakati wa kiangazi? Magari makubwa yatapita vipi kwenye zile kona za barabara ya Mombo?

Kisha muulize yeye mwenyewe: umeona, au umeambiwa? Na ukiuza, wewe unapata nini? Dalali anayekuhimiza uuze leo kwa sababu mradi unakuja, hebu ajibu kwa nini mnunuzi wake ana haraka hivyo. Swali hili huwafanya wengi wakumbuke safari.

Mradi wa kweli huacha nyayo. Ardhi ya kijiji haihamishwi kimyakimya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inataka mkutano mkuu wa kijiji uamue ikiwa eneo halizidi hekta 250. Likizidi, mkutano hutoa maoni yake na waziri ndiye huamua. Mradi mkubwa hutakiwa pia kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mwaka 2004, na wananchi wa mahali husika huulizwa. Basi nenda ofisi ya kijiji, uulize kama kuna muhtasari. Akina mama wengi huona haya kuingia pale. Nendeni watatu au wanne. Na siku ya mkutano msibaki jikoni mkisubiri kusimuliwa.

Ikiwa hakuna mkutano, hakuna muhtasari, wala mpimaji aliyejitambulisha kwa mwenyekiti, shamba na libaki shamba. Kama mwataka fedha za wageni, wapo tayari wanaopita Soni kwenda Lushoto na kutazama bonde kutoka Irente. Hao hununua matunda damu na mapera leo, kwa fedha taslimu.