Rangi ya huko chini ina adabu zake

Msomaji wangu, mwezi huu tunashuka chini kidogo. Kama uko kwenye daladala na jirani yako ana tabia ya kusoma gazeti la mwenzake, funika ukurasa kwanza. Nataka tuzungumzie nywele za kinena. Ndiyo, hizo hizo ambazo jina lake la Kiswahili sote tunalijua, ila hakuna anayethubutu kulitaja mbele ya mama mkwe.

Mimi nimevuka 40, na mvi yangu ya kwanza haikutokea kichwani. Nilicheka peke yangu bafuni, kisha nikaanza kuwauliza wenzangu. Kumbe tuko wengi! Kila shina la unywele lina chembe zinazotengeneza rangi. Umri ukisogea chembe hizo hupungua, na unywele hutoka mweupe. Huko chini nako ni hivyo hivyo. Si ugonjwa, si laana, wala si dalili kwamba ujana umefunga virago.

Tatizo ni kwamba jambo hili tunaulizana kwa kunong'ona. Ukikaa saluni za Kinondoni au Kariakoo mchana kutwa, utamsikia mtu anamvuta msusi pembeni: "Dada, ile rangi ya kichwani naweza kuishusha?" Msusi anacheka, wenzake wanacheka, na muulizaji anaondoka na jibu la mzaha. Akifika nyumbani anafunga mlango wa bafu na kujaribu mwenyewe.

Yaliyompata shoga yangu

Shoga yangu mmoja alikuwa anamsubiri mumewe, aliyekuwa safarini miezi miwili. Siku mbili kabla mzee hajarudi, akaona mvi. Akanunua piko, ule unga mweusi wanaochorwa nao maharusi, akaukoroga na kujipaka kila mahali.

Usiku ule ukaanza muwasho. Kesho yake ngozi ikavimba, na siku mume alipofika kulikuwa na malengelenge. Bibie akasema ana malaria. Akalala kwa kujikunyata, hataki kuguswa, hataki hospitali, maana aliona aibu kumvulia daktari nguo na kueleza alichofanya. Mume naye, si unajua tena wanaume, akaanza kuhesabu siku alizokuwa mbali. Kwa nini mke ananificha? Nani amemwambukiza nini?

Ndoa ya miaka 14 ilitikiswa na pakiti ndogo ya unga. Siku ya nne alipelekwa hospitali hawezi hata kukaa. Daktari aliwaeleza wote wawili kwamba ni mzio, aleji kwa lugha ya mtaani. Leo wako pamoja. Ila dada huyu haruhusiwi tena kutumia dawa hiyo, hata kichwani, kwa sababu mwili ukishaikataa mara moja, kwa kawaida huikataa maisha yote.

Ndani ya piko kuna nini?

Piko nyeusi mara nyingi ni dawa ya nywele yenye kemikali inayoitwa parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Kemikali hiyo imo pia kwenye rangi nyingi za nywele za dukani, hasa nyeusi na kahawia iliyokolea. Sheria ya Marekani ya mwaka 1938 inataka dawa za jamii hiyo ziwe na onyo: zijaribiwe kwanza kwenye ngozi, na zisipakwe kwenye nyusi wala kope, kwa kuwa zinaweza kupofusha.

Sasa jiulize. Kama hairuhusiwi kwenye nyusi, itakuwaje huko? Ngozi ya sehemu za siri ni nyembamba kuliko ya kichwani, ina joto na unyevu, na inanyonya vitu haraka. Ukiingia ndani zaidi unakuta utando laini kama wa mdomoni. Amonia na peroksaidi, vinavyofungua unywele ili rangi iingie, vinaunguza utando huo. Kwa hiyo rangi ya kichwani ibaki kichwani.

Wenzetu wa mbali waliliona pengo hili mapema. Mwaka 2006 mwanamama wa New York, Nancy Jarecki, alianzisha Betty Beauty, rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya nywele hizi tu, nzito ili isichuruzike kwenda kusikotakiwa. Alikuwa nayo hadi ya pinki! Ukipata bidhaa ya aina hiyo, hakikisha pakiti inataja wazi kwamba ni ya nywele za sehemu hizo. Kama haitaji, irudishe dukani.

Umbo kwanza

Kabla ya rangi, fikiria mkasi. Mvi tano ukizipunguza hadi nusu sentimita hazionekani tena, na umemaliza kazi bila kemikali.

Kuhusu umbo, chaguo ni lako. Wapo wanaoacha pembetatu safi, wapo wa mstari mmoja katikati, na wapo wanaochora kopa siku ya kumbukumbu ya ndoa. Waislamu wengi huondoa zote na wanajua muda hautakiwi kuvuka siku 40. Bibi zetu walinyonyoa kwa majivu ili vidole visiteleze, na wa pwani wakapika sukari na ndimu mpaka ikanata. Ule mtindo wa kung'oa zote kwa waksi ulivuma kupitia akina dada saba wa Kibrazili waliofungua saluni yao Manhattan mwaka 1987. Kwa hiyo anayekwambia mambo haya yameletwa na watoto wa siku hizi, mwambie aulize kwao.

Ukitumia wembe, fuata haya:
- Punguza kwa mkasi kwanza, kisha lainisha kwa maji ya uvuguvugu na povu.
- Nyoa kuelekea unywele unakolala, usiivute ngozi. Nywele zetu za kipilipili zikikatwa chini sana hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, ndipo vipele vinapoanza.
- Wembe ni wako peke yako. Usichangie na dada yako wala mumeo, kwa sababu tone la damu usiloliona linaweza kubeba homa ya ini au virusi vya UKIMWI.

Na usijilaumu ukiamua kuziacha. Nywele hizo zina kazi: zinapunguza msuguano na kuikinga ngozi.

Ukiamua kupaka

Kimbilio la karibu ni hina halisi, ya majani. Haitoi weusi. Juu ya mvi hutoa rangi ya machungwa au nyekundu ya kahawia. Unga wake ni wa kijani, unanuka majani makavu, na rangi inakolea polepole. Ukiambiwa "hina nyeusi", au ukiona inashika weusi ndani ya dakika chache, ujue imechanganywa.

Siku mbili kabla, paka kidogo kwenye ngozi ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko, osha, kisha subiri saa 48. Mzio hauji papo hapo, unaweza kuchelewa siku mbili au tatu. Ukiwashwa, acha kabisa. Usipake kama umenyoa au kung'oa siku za karibuni, una kidonda, vipele au uchafu usio wa kawaida. Mjamzito amuulize kwanza mkunga au daktari.

Siku yenyewe, osha na ukauke. Paka mafuta ya mgando kwenye ngozi inayozunguka ili isishike rangi. Koroga hina kwa maji matupu mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto. Usitie ndimu, mafuta ya taa wala petroli kama wanavyofanya wengine wakitaka ikolee. Paka juu ya kinena tu, mbele, na usishuke kwenye mashavu ya uke. Kaa chali, usitembee. Ukisikia kuunguza, usivumilie, osha. Ukimaliza, suuza kutoka juu ukiwa umesimama, maji yapite mbele.

Usitegemee idumu. Nywele hizi hukua kwa muda mfupi, hudondoka na kuota nyingine, ndiyo maana hazifiki magotini! Baada ya wiki chache mvi zitachungulia tena. Kama hutaki kazi ya kujirudia, rudi kwenye mkasi.

Mambo yakiharibika

Osha kwa maji mengi ya baridi na sabuni isiyo na manukato. Usiweke dawa ya meno, spiriti wala krimu ya kuchubua. Ukiona malengelenge, uvimbe au maumivu wakati wa haja ndogo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, tena ubebe pakiti uliyotumia. Uso ukivimba au pumzi ikibana, hiyo ni dharura, usisubiri kupambazuke. Unaweza kuomba uhudumiwe na mwanamke. Hilo si kosa, na muuguzi ameshaona mengi kuliko hayo yako.

Na mwenzako je? Mimi nasema mwambie kabla. Wengi wetu tunahangaika kuficha mvi ambazo mume hajawahi kuziona, au aliziona akanyamaza kwa sababu na yeye anazo. Mkikaa kitandani mkacheka pamoja, pengine rangi haitahitajika. Na kama bado unaitaka, utakuwa na mtu wa kukushikia kioo, na wa kukukimbiza hospitali usiku bila kuuliza maswali ya ajabu.