Catch ni bongo, tunajua. Lakini usizime televizio!

Muulize mchimbaji wa huku kwetu timu yake ni gani, atajibu mbele hujamaliza kuuliza: Mazembe, ao Lupopo, na atakuhesabia magoli ya miaka kumi. Sasa muulize kama anapenda catch. Macho yanaenda pembeni. «Mimi? Ile iko mambo ya batoto.» Lakini shika telefone yake, ufungue ile karte iliyo ndani. Juu kuna nyimbo za kwaya. Kisha kuna rumba, kuna filme za Nigeria. Na chini kabisa, ndani ya dosie yenye jina la «Kazi», unakuta Undertaker, John Cena na Rey Mysterio, wamejificha pale wote watatu, wanangoja bibi alale.

Hapa Pepa sababu za kuangalia catch hazikosekani. Tuko juu ya milima ya Marungu, inchi ya ng'ombe na ya upepo. Mtu akipanda kutoka Kalemie na shati moja tu, usiku wa kwanza utamfundisha. Giza likiingia, baridi inasukuma watu ndani. Mwenye plake ya jua na televizio ndogo, nyumba yake inajaa. Wanaanza na mpira, wanapita kwenye muziki, na wazee wa kanisa wakisha kwenda zao, mmoja anauliza kwa sauti ya chini: «Na ile ya catch, uko nayo?»

Kwa nini sauti ya chini? Jibu ambalo watu wanatoa haraka ni hili: catch ni bongo. Wanapigana kwa kupatana, mshindi anajulikana mbele ya kengele. Sawa. Lakini hiyo siri, waliisha kuitoa zamani. Mwezi wa pili wa mwaka 1989, kampuni ya Amerika ambayo leo inaitwa WWE (siku zile ilikuwa WWF) ilienda mbele ya senate ya jimbo la New Jersey na kusema kwa mdomo wake kwamba catch ni mchezo wa kufurahisha watu, hapana shindano la kweli. Na juu ya nini walisema vile? Juu ya taxe! Kama ni shindano la kweli, serikali inaweka makontroleri wake na inakata franka. Kama ni teatre, wanakuacha. Wachimbaji wanaolipa mikono mingi kila mwezi watawaelewa vizuri.

Mbele ya hapo, mwaka wa 1957, Mfaransa Roland Barthes alifungua kitabu chake «Mythologies» na habari ya catch. Aliandika kwamba watu wanaokuja kuangalia hawahangaike kujua kama ni ya kupatana ao hapana. Wanataka kuona uchungu, hila na haki vikisimama wazi mbele ya macho. Kwa hiyo mtu akikuambia «Papa, ile iko bongo», anakuambia kitu ambacho watu wa Paris walijua mbele ya uhuru wetu.

Tena, bongo iko kwenye nani atashinda. Haiko kwenye kuanguka. Mtu wa kilo mia akitupwa chini, mgongo wake unajua. Mwezi wa nane 1997, Owen Hart alimpiga Steve Austin kwa ile namna ya kumgeuza mtu kichwa chini na kumkalisha kwa nguvu. Kichwa kiligonga vibaya, shingo ya Austin ikaumia kweli, akabaki chini bila kuweza kusimama. Mwaka ulioufuata, mwezi wa sita 1998, Undertaker alimtupa Mick Foley kutoka juu ya kizimba cha chuma, karibu metre tano, akaangukia meza. Ile ya kutupwa walikuwa wamepatana. Meno yaliyotoka baadaye, hapana.

Wamama, muwasikilize hapa: mtoto akimwinua mdogo wake miguu juu kwenye uwanja wa shule, mumkataze palepale. Wale wamejifunza kuanguka miaka na miaka, na bado wanavunjika.

Na kuna kifo cha Owen Hart mwenyewe. Tarehe 23 ya mwezi wa tano 1999, kule Kansas City, walitaka aingie akishuka kutoka dari kwa kamba. Kamba ikafunguka. Alianguka zaidi ya metre 20 na kufa. Wakamtoa, na show ikaendelea! Familia ilishitaki, wakamaliza kwa dolari karibu milioni 18. Huku kwetu mtu akisikia hiyo habari, hacheke tena. Kushuka kwa kamba tunakujua, na tunajua pia kazi inayoanza tena kesho yake kama hakuna kitu. Wapiganaji wa WWE hawahesabiwe hata kuwa wafanyakazi wa kampuni: kila mmoja anapatana peke yake, anajitegemea, kama mchimbaji na négociant wake.

Basi haya ya bongo tuiache, haina uzito. Kuna zingine.

Kuna ile ya kupenda mubaya. Kwenye kila nyumba ya catch utamkuta mmoja, mara nyingi ni mama mwenye heshima zake, ambaye hampendi yule mwema hata kidogo. Anamtaka yule anayevuta nywele, anayemdanganya arbitre, anayepiga na kiti mgongoni. Akishangilia, wengine wanamgeukia: «Mama, we njo uko hivi?» Kumbe yuko na ndugu mkubwa. Mwaka wa 1961, kule Las Vegas, Muhammad Ali, kijana bado, alikutana na mupiganaji wa catch aliyeitwa Gorgeous George: nywele za rangi ya zahabu, marashi, majivuno ya kuchukiza. Watu walijaza uwanja ili wamuone akipigwa. Ali aliangalia, akajifunza. Ule mdomo ambao alikuja nao Kinshasa mwaka wa 1974, wa kumzungumuza George Foreman usiku na mchana mpaka mji wote ukawa wake, aliuokota kwa mubaya wa catch. Ali mwenyewe alisimulia hayo.

Haya nyingine inatoka kanisani. Undertaker ni mzika maiti: kofia nyeusi, kengele ya mazishi, sanduku la maiti. Alianza pale WWF mwezi wa kumi na moja 1990, na miaka mingi hakuna aliyemshinda kwenye WrestleMania. Ilifika 21, kisha Brock Lesnar akaivunja tarehe 6 ya mwezi wa ine 2014. Wapasta wengi hawamupende, na hatuwashangae. Lakini tusijifanye kama mambo ya giza yametoka Amerika. Kinshasa iko na catch yake tangu zamani za Mobutu, wazee wanakumbuka jina la Kele-Kele Lituka. Wapiganaji wanapita kwanza barabarani na fanfare, wamejipaka rangi, wamevaa ngozi na maski, batoto nyuma yao, mpaka kwenye ring iliyosimamishwa katikati ya kartie. Kuna catch ya nguvu na kuna catch ya dawa. Kwenye ile ya dawa hakuna haja ya kumwinua mtu. Mpiganaji anapuliza unga, anacheza, anasema maneno yake, na adui anaanguka kama usingizi umempiga. Wengine wanafanya kama wanamtoa mwenzao matumbo na kuyakula mbele ya watu. Kuna wanawake pia wanaopigana hivyo, na hawaachie wanaume nafasi.

Mwenye kwenda kanisani siku ya Mungu na kuangalia hiyo siku ya posho, anajua kwamba amekosa, na anaangalia tu. Mtu asituambie kwamba kwenye karière hakuna anayetafuta nganga ili aone mawe. Hiyo catch inatuonyesha kitu tunachokijua, na inatuacha tukicheke.

Ile haya iliyo ngumu zaidi kuisema, mimi naona ni nyingine. Inaitwa Kamala.

Wenye miaka arobaini na zaidi wanamjua. Kwenye kasete za zamani ndiye yule mtu mkubwa sana, mweusi, miguu bila viatu, uso umepakwa rangi, nyota kifuani na mwezi kwenye tumbo, anapigapiga lile tumbo kwa mikono miwili. Walimtangaza: «Jitu la Uganda». Walisema alikuwa mlinzi wa Idi Amin, ya kwamba anakula watu. Hakusema neno, alinguruma tu. Hakujua hata sheria: alimlalia adui aliyelala kifudifudi, na arbitre anamuonyesha kwamba lazima kwanza amgeuze. Na nyuma yake alitembea mtu wa maski, aliyeitwa Kim Chee, mwenye kumwongoza kama nyama. Kichwani mwa Kim Chee kulikuwa nini? Ile kofia ngumu ya wazungu wa siku za Bula Matari.

Uganda hakutoka hata unyayo. Jina lake lilikuwa James Harris, Mwamerika mweusi wa Mississippi, aliyezaliwa mwaka wa 1950. Kamala alitungwa kule Memphis mwaka wa 1982 na wakubwa wa catch, Jerry Lawler na Jerry Jarrett, ambao waliangalia mchoro wa Frank Frazetta na kumvalisha kama ule mchoro.

Na sisi tulimpenda. Tulicheka sana! Watoto wa Katanga, wa Kivu, wa Nairobi, wa Kampala yenyewe, walipiga tumbo kama Kamala. Hapo ndipo penye kuuma. Ile picha ya Mwafrika asiyejua kusema, anayechungwa na mtu wa kofia, ilitengenezwa ili watu wa kule watucheke, na sisi tukaketi kwenye benchi moja nao. Wengine wanasema tulimpenda kwa sababu alikuwa mweusi mwenye nguvu, na siku zile weusi kwenye ile skrini walikuwa wachache. Inawezekana. Lakini ukimtazama leo na mtoto wako akuulize, «Papa, huyu ni wa kwetu?», jibu halitoki haraka.

Tarehe 29 ya mwezi wa nane 1992, kwenye uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu karibu 80.000, walimpambanisha na Undertaker. Mwezi wa kumi na moja wakamfungia ndani ya sanduku la maiti na misumari. Kisha wakageuza hadisi: Slick, mweusi mwenzake aliyecheza kama pasta, akamchukua na kumfundisha kwamba yeye si nyama, ni mtu. Iliwalazimu kufika mwaka wa 1993 ili wamwambie! Na kwenye hadisi hiyo pia watu waliombwa kucheka.

James Harris mwenyewe alilalamika miaka mingi kwamba malipo yake yalikuwa madogo sana kando ya yale ya wengine. Alirudi kuendesha kamyo. Ugonjwa wa sukari ukamkula: mguu mmoja ulikatwa mwaka wa 2011, wa pili 2012. Alikuwa anatengeneza viti vya mbao na kuviuza. Alikufa mwezi wa nane 2020, wakati wa Covid.

Baada yake akaja Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana. Unajua walimwingizaje mwaka wa 2008? Kama mtu wa Jamaica! Ghana haikuwatosha. Ilichukua muda mbele waache ile sauti ya kujifanya na kumtaja Ghana yake. Tarehe 7 ya mwezi wa ine 2019 akamshinda Daniel Bryan na kuchukua mkanda mkubwa. Usiku ule, wenye kujificha hawakujificha.

Na Waganda wa kweli je? Tangu mwaka wa 2023, kule Mukono, karibu na Kampala, kuna vijana wanaopigana catch yao, inaitwa Soft Ground Wrestling. Aliyewakusanya ni Daniel Bumba, ambaye watu wanamwita Bumbash. Alijulikana kwa kutafsiri catch ya Amerika kwa Kiganda kwenye televizio. Pesa ya ring hawakuwa nayo. Wakapanda miti pande ine, wakafunga mianzi mahali pa kamba, na chini wakamwaga matope, ili mtu akianguka asivunjike. Wasichana na wavulana wanapigana humo, wanatoka wamejaa udongo mpaka masikioni, macho tu ndiyo yanaonekana. Video zao zinaangaliwa na watu wengi sana inje ya Afrika, na zimeanza kupita kwenye matelefone huku kwetu pia.

Mchimbaji akiziona, kitu cha kwanza anachoangalia ni yale matope. «Aba njo banafanana na siye», wanasema, na hapo hakuna anayeshusha sauti.