Nyumba Hii Sasa Inauzwa

Ukuta wa mbele wa nyumba ya shangazi yangu, Tabata, ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Mkazi yeyote wa Dar es Salaam anayajua maandishi hayo. Ndugu wakigombana, au mmoja wao akianza kuonekana na madalali, kopo la rangi hununuliwa na ukuta ukasemeshwa. Shangazi alipoamua kuuza kweli, gharama ya kwanza ikawa kufuta maneno yake mwenyewe. Fundi akapiga rangi ya maji mikono miwili, akalipwa, akaenda zake. Wiki ya pili HAIUZWI ikaanza kuchungulia, safari hii kwa rangi ya waridi. Rangi ya mafuta haizimwi na rangi ya maji. Inakwanguliwa kwa msasa, inapigwa andakoti, ndipo inafunikwa. Tukamlipa fundi mara ya pili. Mteja wa kwanza, aliyeyasoma yale maneno kabla hatujamalizana nayo, aliuliza jambo tusilolitarajia: aliyekataa kuuza ni nani, na yuko wapi sasa?

Ndiyo maana mtu akiniuliza aanzie wapi kuiandaa nyumba yake, simtajii rangi. Namuuliza karatasi.

Chukua nyumba tatu za vyumba vitatu, zote zimeezekwa bati lile lile. Moja ina hati miliki, ya pili ina leseni ya makazi, ya tatu ina karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Kwa macho ni sawa, sokoni hazikaribiani. Ya kwanza inaweza kununuliwa na mtu wa mkopo wa benki, kwa sababu benki inataka hati ya kuishikilia. Ya tatu inasubiri mwenye fedha taslimu na moyo mgumu. Hata hati nazo zinapishana. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na unachouza ni haki ya kuimiliki kwa muda, usiozidi miaka 99. Kama yako ilitolewa kwa miaka 33 na imebaki tisa, mnunuzi makini ataiona kabla hajaliona jiko.

Kisha watu wenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na kama jina lililo kwenye hati ni la marehemu, hakuna dalali wala wakili atakayekuvusha bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Sisi tulitumia miezi kwenye mirathi, na nauli na ada zote hazikufika bei ya dari la jipsamu ambalo binamu yangu alikuwa akilipigia debe. Ukiwa na fedha za kufanya moja tu kati ya hayo mawili, usihangaike kuchagua.

Madeni je? Kodi ya majengo haina shida siku hizi: tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU, na tangu 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi ya pango la ardhi haikatwi huko. Hiyo ndiyo inayolala miaka kumi bila mtu kuigusa, halafu inaamka siku ya kuhamisha umiliki.

Sasa hesabu ambayo wauzaji wengi huifanya wakiwa tayari wameshika kalamu ya kusaini. Tuseme nyumba inauzwa milioni 80. Kodi ya mapato kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, siyo ya bei. Kama una risiti za kiwanja na ujenzi za milioni 55, faida ni milioni 25, kodi ni milioni 2.5. Kama risiti zililiwa na mchwa, Sheria ya Fedha ya 2023 ilifungua njia nyingine: asilimia 3 ya thamani yenyewe, yaani milioni 2.4. Hapo asiye na risiti kamzidi kidogo mwenye nazo! Lakini ukiwa na risiti za milioni 65, kodi yako inashuka hadi milioni 1.5. Mpaka wa njia hizo mbili uko pale faida inapokuwa asilimia 30 ya bei. Chini ya hapo, boksi la risiti lina thamani. Na kama ni nyumba uliyoimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi, na faida haizidi milioni 15, hakuna kodi kabisa. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida hubebwa na mnunuzi. Ile inayoitwa asilimia kumi ya serikali ya mtaa ni desturi tu, haimo katika sheria. Usiipangie bei kana kwamba ni kodi.

Baada ya hapo, haya, twende kwenye rangi.

Chumba cha mita 3.5 kwa 3.5 chenye ukuta wa mita 2.8, ukitoa mlango na dirisha, kina mita za mraba kama 35. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Kwa mikono miwili, hesabu lita saba. Ndoo ya lita 20 basi inakaribia kumaliza vyumba vitatu, na fundi anayekuambia kila chumba ndoo ana chumba kingine mahali fulani anachokipaka. Chagua nyeupe au rangi ya maziwa. Mnunuzi hanunui kwa ajili ya ladha yako.

Ila rangi mpya juu ya ukuta unaotoa chumvi ni fedha iliyomwagwa. Mteja wa Dar ameshaumwa na nyoka. Anainama, anakwaruza chini ya dirisha kwa ufunguo, na unga ukidondoka anapunguza bei zaidi kuliko kama angeuona ukuta mbovu tangu mwanzo. Kwangua plasta iliyooza, tafuta maji yanakotoka, ambako mara nyingi ni bomba linalovuja au mfereji unaoelekea msingi, kisha piga plasta upya. Bomba, choo kinachovuta maji, shimo lililonyonywa, kitasa kinachofunga: vitu hivi havipendezi kwenye picha, lakini kila kimoja kikiwa kibovu kinampa mteja hoja ya kuteremsha bei. Malumalu mapya na makabati ya jiko ningeacha. Mnunuzi mwenye uwezo wa kuyalipia atayang'oa aweke yake.

Dalali naye. Asilimia 5 ya milioni 80 ni milioni 4, asilimia 10 ni 8. Andikianeni mapema, na isemwe analipwa lini. Hatari ni ule mpango wa pili: "Mama, nipe bei yako ya mwisho, cha juu ni changu." Unasikika kama huduma ya bure. Kumbe nyumba ya 80 inazungushwa kwa 95 mtaa mzima, mwezi wa tatu inaitwa nyumba yenye mkosi, na mteja wa 82 hukumwona kamwe. Kuuza mwenyewe kwa WhatsApp na Instagram kunaokoa komisheni lakini kunakula muda, na kunakuletea watalii wa nyumba. Mimi ningemlipa kwanza mthamini aliyesajiliwa, nijue bei yangu, ndipo nikae na dalali mezani. Ripoti ya uthamini itahitajika mbele ya safari hata hivyo.

Wapangaji usiwasahau. Mpangaji aliyesikia habari kwa jirani hatafungua chumba, au atafungua na kusimulia nzi wa mfereji. Mpe taarifa na muda kama mkataba unavyosema.

Kuhusu siku ya kuonyesha, shangazi na mimi tulibishana. Yeye alitaka tungoje masika yapite, bustani ikauke. Tangu mafuriko ya Desemba 2011 swali la kwanza mjini hapa ni kama panajaa maji, na nyumba yake iko juu kidogo ya bonde, hapajai. Nikamwambia alete watu mvua ikinyesha. Mteja wa nne alikuja Aprili, saa tisa alasiri, na viatu vya mpira. Alisimama barazani akitazama maji yanavyoteremka kuelekea mtaroni, akazunguka nyuma, akarudi. Ukuta wa mbele, ule uliotugharimu mara mbili, hakuutupia jicho. Akaomba kivuli cha hati.