Roma haikuona haya kuwa mwanafunzi

Aghalabu hudhaniwa kwamba ashindaye vitani ndiye amfunzaye aliyeshindwa. Historia ya Roma yakanusha dhana hiyo. Mnamo 146 K.K. jeshi la Lucius Mummius liliuteketeza mji wa Korintho, na Ugiriki ikawa chini ya Warumi. Hata hivyo, ndani ya nyumba za wakuu wa Roma, Mgiriki ndiye aliyekuwa akiwasomesha watoto.

Miongoni mwa walimu wa kwanza alikuwa Livius Andronicus, Mgiriki ambaye jadi yasimulia kuwa aliletwa Roma akiwa mateka. Katika karne ya tatu K.K. aliufasiri utenzi wa Homer, Odyssey, kwa Kilatini. Hivyo fasihi ya Kilatini ilianza kwa tafsiri ya mwalimu mgeni.

Si wote waliopendezwa. Mnamo 161 K.K. baraza la Seneti liliamuru wanafalsafa na walimu wa ufasaha watolewe mjini. Miaka sita baadaye, mjumbe wa Athens, Carneades, alipowavutia vijana kwa hoja zake, mzee Cato alihimiza ajibiwe upesi arudi kwao. Alichelea vijana wasije wakathamini maneno kuliko ushujaa. Ajabu ni kwamba Cato huyo huyo, asimulia Plutarch, alisoma vitabu vya Kigiriki uzeeni.

Hofu yake haikuwa ya bure. Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini dawa haikuwa kumfukuza mwalimu. Dawa aliionyesha Cicero, aliyesoma Athens na Rhodes, kisha akaandika falsafa kwa Kilatini, ingawa baadhi ya wasomi walidai Kigiriki pekee ndicho kilichoifaa. Alipokosa istilahi aliiunda. Neno lake qualitas, yaani namna kitu kilivyo, lingali hai katika lugha nyingi za Ulaya.

Nasi tuna mfano wetu. Mnamo 1963 Julius Nyerere, mwalimu kwa kazi, alichapisha tafsiri ya Julius Caesar ya Shakespeare, tamthilia iliyochota habari zake kwa Plutarch, Mgiriki. Roma ikasema Kiswahili.

Basi, mwalimu, usimwonee haya mwanafunzi aazimaye elimu ya mbali. Mhimize tu aikate nguo hiyo upya, aishone kwa kipimo cha lugha yake.