Jolokia: Pilipili Inayokaushwa Juu ya Meko

Katika vijiji vingi vya Nagaland, kaskazini-mashariki mwa India, juu ya meko ya kuni huwa kuna chanja. Hapo huwekwa nyama ya nguruwe na samaki, na kando yao pilipili nyekundu zenye ngozi ya makunyanzi. Hula moshi siku baada ya siku, mpaka zikauke na kuwa rangi ya damu ya mzee. Wenyeji huiita pilipili hii Raja Mircha. Majirani zao wa Assam wanaijua kwa jina la bhut jolokia, na huko Manipur ni u-morok.

Mwaka 2007 kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kiliitangaza kuwa pilipili kali kuliko zote duniani. Paul Bosland na wenzake wa Chuo Kikuu cha New Mexico State, Marekani, walikuwa wameipima na kupata vizio 1,001,304 vya Scoville. Kipimo hicho kilibuniwa mwaka 1912 na mfamasia Wilbur Scoville, aliyezimua dondoo la pilipili kwa maji ya sukari hadi waonjaji wasihisi tena ukali wowote. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mashine. Habanero, ambayo ni ya jamii moja na pilipili mbuzi ya masoko ya Afrika Mashariki, huwa kati ya vizio 100,000 na 350,000. Kwa hiyo hata anayejisifu kwamba hali pilau bila pilipili mbuzi hajafika nusu ya safari.

Asili ya pilipili zote hizi ni bara la Amerika, ambako wakulima walizipanda maelfu ya miaka kabla ya Christopher Columbus kufika mwaka 1492. Wareno ndio walioziingiza India kupitia bandari kama Goa, waliyoiteka mwaka 1510. Wataalamu wa mbegu wamebaini kwamba jolokia ni chotara: sehemu kubwa ya damu yake ni ya jamii ya habanero, na kidogo ni ya jamii ya pilipili kichaa.

Kinachowasha ni kapsaisini. Wengi hudhani imo ndani ya mbegu, kumbe hutengenezwa na utando mweupe unaozishikilia. Ndiyo maana mpishi akiukwangua utando huo, pilipili ya kawaida hupungua makali. Kwa jolokia ujanja huo hausaidii sana: vifuko vya kapsaisini vimetapakaa hadi kwenye nyama ya tunda lenyewe. Kukausha nako hakuiondoi. Maji, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya uzito wa pilipili mbichi, hutoka, na kapsaisini hubaki. Gramu moja ya pilipili kavu basi ni kali kuliko gramu moja ya mbichi.

Mdomoni, kapsaisini hufungua mlango uleule wa neva unaotambua joto linalounguza, na ubongo huamini kwamba ulimi unaungua kweli. David Julius, aliyeugundua mlango huo, alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Ndege hawauhisi ukali huo. Hula pilipili na kusambaza mbegu zake. Maji hayamsaidii aliyeungua, kwa sababu kapsaisini haiyeyuki vizuri ndani ya maji. Maziwa au mtindi humfaa zaidi.

Nje ya India, jolokia ilipata umaarufu kwa mashindano ya kutafuna na kulia machozi mbele ya kamera. Huko kwao ni kiungo, tena cha kupimwa kwa uangalifu. Wanaga huipika na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi pamoja na axone, yaani soya iliyochachushwa, na pilipili moja au mbili hutosha sufuria nzima. Manipur huipondaponda kwenye eromba, mboga zilizochemshwa na kuchanganywa na samaki waliochachushwa. Assam huitia kwenye achari ya mafuta ya haradali na machipukizi ya mianzi. Ile iliyokauka juu ya meko huongeza harufu ya moshi ambayo mbichi haina, na huifikisha nyumba hadi msimu mwingine wa mavuno.

Anayeipata ikiwa kavu hufanya vyema kuvaa glavu, kufungua madirisha kabla ya kuikaanga, na kuiloweka kwenye maji moto kabla ya kuisaga. Mvuke wake pekee unatosha kuwakohoza watu wa chumba kizima.

Ukali huo una kazi nje ya jikoni pia. Assam, wakulima hupaka kamba mchanganyiko wa grisi na pilipili ili kuwazuia tembo wasiingie mashambani. Tanzania na Kenya, wanaolima kando ya hifadhi hufanya hivyo kwa kamba za katani, oili chafu na pilipili ya kusaga.

Taji la Guinness limeshahama mara kadhaa: Carolina Reaper ililipata mwaka 2013, na Pepper X, yenye wastani wa vizio 2,693,000, mwaka 2023. Wakulima wa Nagaland wamepata kitu kingine. Mwaka 2008 Raja Mircha ilisajiliwa kisheria kuwa bidhaa ya eneo lao, na Julai 2021 shehena ya pilipili hiyo ilipakiwa kwenye ndege huko Guwahati, Assam, ikapelekwa London kuuzwa.